Shule ya Ubelgiji Niliyoisomea Kindu

Mimi ni mwalimu, mtoto wa mfanyakazi wa reli aliyetoka Kasai akaja kuzeekea Kindu, mji wetu wa kando ya mto. Ulaya sijawahi kuikanyaga. Hata hivyo kuna wazazi katika mtaa wetu wanaoapa hadi leo kwamba nilisoma Ubelgiji, na nimechoka kuwakatalia. Ukweli ni kwamba shule ya Ubelgiji niliijua yote, tangu watoto wa miaka miwili na nusu hadi chuo kikuu, nikiwa nimekaa kwenye baraza ya nyumba yangu.

Ilianza wakati wa vita. Mdogo wangu wa kike alikuwa ameolewa na kuhamia Liège, mji wa Ubelgiji, muda mfupi kabla mambo hayajaharibika. Baada ya hapo treni iliacha kuja. Chumvi na sabuni zilitufikia kwa kinga, yaani baiskeli, zilizosukumwa siku nyingi katika njia za msituni. Shule niliyofundisha iligeuzwa makazi ya askari. Madawati yalikwisha kwa kufanywa kuni, na ubao mweusi sikuuona tena. Mume wangu, fundi wa reli asiye na treni, alishinda nyumbani akitengeneza redio za watu. Mimi nilishinda nikitazama watoto wa mtaa, wa miaka mitatu, minne, mitano, wakizurura mbele ya nyumba, kwa sababu mama zao walikuwa wamekwenda kutafuta mpunga na sombe, yaani majani ya muhogo, mahali ambapo mtu haendi na mtoto.

Siku moja mfanyabiashara mmoja aliyetoka Goma alinikabidhi barua. Ilikuwa imesafiri miezi mitano, sehemu ya mwisho ndani ya mfuko wa chumvi, na karatasi yake ilikuwa imekakamaa kama samaki mkavu. Ilikuwa ya mdogo wangu.

"Yaya," aliandika, maana ndivyo tunavyomwita dada mkubwa, "mutoto wangu ameanza masomo. Ana miaka mbili na nusu."

Nilidhani amekosea tarakimu. Nilimsomea mume wangu, naye akaweka chini redio aliyokuwa ameifungua.

"Pengine kule wanazaliwa wakijua kusoma," alisema.

Barua iliendelea. Kule, mdogo wangu alieleza, kuna miaka mitatu ya shule ya watoto wadogo, ile ambayo sisi tunaiita gardiene. Sheria haikuwalazimisha wadogo hao kwenda, lakini karibu wote wanakwenda, na sharti walilopewa ni moja tu: mtoto awe amejua kuomba kwenda chooni. Mwalimu hawafundishi herufi. Anawapa mchanga, maji, rangi na nyimbo. Wanamimina maji kutoka kikombe hiki kwenda kile asubuhi nzima. Wakishakula saa sita, wanalazwa kwenye vitanda vidogo, wanalala.

"Mwalimu analipwa kwa kulaza watoto?" mume wangu aliuliza.

"Analipwa. Na serikali."

Tulicheka mpaka machozi yakatutoka. Tulikuwa hatujacheka hivyo kwa wiki nyingi. Lakini baadaye, nilipokuwa nikichambua mchele, barua ile ilinirudia kichwani. Mimi nilikuwa mwalimu asiye na chaki, asiye na madaftari, asiye na madawati, asiye na ubao. Na hapa palikuwa na shule isiyohitaji hata kimoja cha vitu hivyo. Ilihitaji mchanga na maji, na mto Lualaba ulikuwa pale pale, umejaa vyote viwili.

Nilivuka njia kwenda kwa jirani yangu. Yeye ni mwanamke Mwislamu ambaye ukoo wake ulitoka Kasongo, mwenye sauti kubwa na moyo mkubwa kuliko sauti. Aliacha masomo mwaka wa tatu wa primeri, na hakuificha habari hiyo. Mume wake ni seremala. Walikuwa na binti wa miaka mitatu.

"Nipe mutoto asubuhi, nimufundishe," nilimwambia.

"Utamufundisha na nini? Daftari hakuna."

"Na muchanga."

Alinitazama kama mtu anayepima homa kwa macho. Kisha akasema, "Basi mutwae. Muchanga anaupenda tayari."

Tulianza na watoto kumi na mmoja. Mume wangu na yule seremala walileta mchanga wa mtoni katika magunia, wakaumwaga chini ya baraza. Seremala alikata mianzi kuwa vikombe vya urefu mbalimbali. Ngazi, zile kokwa za mchikichi, zilikuwa hesabu yetu: tatu, tano, saba. Tulichora ukutani kwa vipande vya muhogo mkavu, ambavyo vinaandika sawa na chaki, ila ilinibidi niwe macho, maana mchoraji mwenye njaa alikuwa akiila kalamu yake. Niliwafundisha wimbo wa Kiluba aliokuwa akituimbia mama yangu, na jirani akaja kuwafundisha kaswida, akawa anaimba kuliko wao. Saa sita tulikula kilichokuwepo, mara nyingi wali na sombe, kisha nikatandika mikeka nikawalaza. Siku mbili tatu risasi zililia ng'ambo ya mto mchana. Tuliwalaza mapema siku hizo, tukaimba polepole, nao wakalala kweli. Mimi nilikaa mlangoni hadi walipoamka.

Wiki ya pili jirani alikuja amejishika kiuno.

"Madamu, mutoto wangu anarudi na muchanga ndani ya masikio, lakini hata *a* hajue."

Nilichukua barua nikamsomea, nikiitafsiri pale mdogo wangu alipoingia katika Kifaransa. Alisikiliza amesimama. Kisha akakaa chini.

"Soma tena ile ya kumimina maji."

Nilisoma tena. Akaenda zake. Siku tatu baadaye alirudi na kunieleza jambo ambalo alilieleza pia soko zima. Alikuwa akigawa mafuta ya mawese kutoka dumu kubwa kwenda katika chupa ndogo za kuuza, na mikono yake ilikuwa imechoka. Binti yake alimwambia amwachie. Mtoto wa miaka mitatu alishika dumu kwa mikono miwili, akapiga magoti, akajaza chupa sita bila kumwaga tone.

"Njo masomo ile," jirani aliwaambia wanawake wenzake; njo kwetu ni ndiyo. "Masomo ya kule. Inaingia kwa mikono kwanza."

Kabla ya mvua kuanza nilikuwa na watoto thelathini na wanne, na mume wangu akawa msaidizi wangu wa kuwafuta makamasi. Na tangu siku ile jirani hakukubali barua ya Liège ifunguliwe yeye hayupo.

Vita ikaisha kwa namna yake, si siku moja, bali kidogo kidogo. Treni ilionekana tena, mara moja baada ya miezi kadhaa. Askari waliondoka shuleni na mwalimu mkuu akaniita nirudi darasani kwangu. Nilienda kuangalia, nikakaa katika chumba kile dakika chache, nikarudi kwa watoto wangu wa mchanga. Wazazi walifyatua matofali, tukajenga chumba kimoja, halafu cha pili. Minara ya simu ikasimama mjini, na barua zikageuka kuwa sauti. Mdogo wangu alipiga simu Jumapili baada ya misa. Jirani alijua saa hiyo vizuri kuliko mimi, alikuja na karanga zake za kumenya.

Kwa njia hiyo tulipanda primeri pamoja na mpwa wangu. Mimi nilitarajia kutoshangaa, maana Wabelgiji ndio waliotuachia shule yetu: kwao primeri ni miaka sita, sekondari ni miaka sita, kama kwetu. Lakini mambo madogo yalikuwa tofauti. Hawakuvaa sare, kila mtoto alivaa nguo zake. Jumatano saa sita masomo yalikwisha, na mchana wote ukawa wa watoto kucheza. Na shule iliwapeleka kujifunza kuogelea ndani ya nyumba, katika maji yaliyopashwa moto.

"Wanachemsha mto?" jirani aliuliza.

"Si mto. Ni kama shimo kubwa la maji."

"Na mwalimu yuko ndani ya maji na wanafunzi?"

Nilipeleka swali kwa simu. Jibu likaja kwamba mwalimu anasimama kando na kupiga filimbi. Jirani aliridhika. Mwisho wa mwaka wa sita kukawa na mtihani mmoja, karatasi ileile kwa shule zote. Mpwa wangu alifaulu, na kuku mmoja wa Kindu akalipia furaha hiyo kwa shingo yake.

Sekondari ndiyo iliyotugombanisha. Miaka miwili ya kwanza wanafunzi husoma karibu mambo yaleyale. Halafu njia zinaachana: kuna masomo ya jumla, kuna ufundi wa kitaalamu, kuna njia ya wale wanaojifunza kazi ya mikono moja kwa moja. Mpwa wangu alikuwa katika masomo ya jumla, nami nilikuwa nikijisifia sokoni. Mwisho wa mwaka wa nne mdogo wangu alipiga simu siku ambayo haikuwa Jumapili.

"Yaya, wamemupa B."

"B ni nzuri ama ni mbaya?"

Akaeleza huku sauti ikimkatika. Mwisho wa mwaka walimu wote wa mwanafunzi wanakaa pamoja na kuamua. Kuna karatasi tatu. Ukipewa A, unapanda bila sharti. Ukipewa C, unarudia mwaka. B iko katikati: unapanda, lakini milango fulani imefungwa. Kwa mpwa wangu, mlango uliofungwa ulikuwa ule wa masomo ya jumla. Angeweza kupanda kwa kuhamia ufundi, au kukataa na kurudia mwaka wa nne.

"Arudie," nilisema palepale. "Mutoto wa nyumba hii haendi ufundi."

Mpwa wangu alichukua simu kwa mama yake. Alikuwa na miaka kumi na sita, na Kiswahili chake kilikuwa kikitembea kwa fimbo.

"Mama mukubwa, mimi napenda labo, chumba ya majaribio. Kule kwa ufundi iko kemia, labo kila wiki, masaa mingi. Na mwisho diploma ni ya sekondari vilevile. Naweza ingia universite nayo."

"Universite haingiliwi kwa mulango wa nyuma."

"Haiko mulango wa nyuma. Ni mulango."

Hapo mume wangu, aliyekuwa amekaa kwenye kiti chake cha kamba akisikiliza, alinyoosha mkono na kuomba neno.

"Mimi ni fundi," aliniambia, si kwa hasira. "Miaka yote hii umekula ugali ya fundi. Ilikuwa na kasoro gani?"

Jirani, aliyekuwa amevuka njia aliposikia simu ikilia, aliacha kumenya karanga. Niliona aibu, kisha nikaanza kucheka, na kule upande wa pili mdogo wangu akacheka na kulia kwa pamoja.

"Haikuwa na kasoro," nilisema. "Aende kwa labo."

Alikwenda, na alama zake zikapanda kama mto wakati wa mvua. Miaka miwili baadaye alimaliza sekondari na diploma mkononi, na chuo kikuu kikamfungulia kama alivyosema. Kule, kwa masomo mengi, anayemaliza sekondari anajiandikisha tu. Mtihani wa kuingilia ni kwa wanaotaka udaktari na masomo mengine machache. Ugumu unamsubiri ndani. Akachagua kemia.

Chuo kikuu kilinishinda kidogo, nakiri. Hawahesabu tena miaka bali pointi, sitini kwa mwaka. Shahada ya kwanza inataka mia moja na themanini, yaani miaka mitatu kwa mwenye bahati, na ya pili inaongeza mia moja na ishirini. Mwisho wa mwaka wa kwanza alituma ujumbe wa sauti: amepata arobaini na tisa.

"Amekosa," nilisema.

Tulisikiliza ujumbe hadi mwisho. Hakukosa. Alikuwa anaendelea na masomo ya mwaka unaofuata, huku akibeba yale machache ya nyuma ayamalize. Nilisikiliza mara tatu na sikuelewa ni vipi mtu anapita na hapohapo hajapita. Jirani alielewa mara ya kwanza.

"Umevuka na mutumbwi," alinieleza kwa subira, kama anayemfundisha mtoto. "Wewe uko ng'ambo hii. Mbuzi zako mbili zimebaki ng'ambo ile. Umevuka ama haukuvuka?"

"Nimevuka."

"Basi rudia mbuzi zako. Kazi iko wapi?"

Mpwa wangu alirudia mbuzi zake. Ilimchukua miaka sita badala ya mitano, na mwishoni akapata kazi katika labo inayopima maji ya kunywa.

Mwaka jana, wakati wa kiangazi, alikuja Kindu kwa mara ya kwanza. Nilimpokea uwanja wa ndege nikidhani nitaona msichana, nikaona mwanamke mrefu mwenye paji la uso la baba yangu. Alikaa kwetu wiki nne. Alikula samaki wa Lualaba wanaotoka Lokandu mpaka mume wangu akamwonya kwamba mto utakauka. Asubuhi alikaa na watoto wa gardiene, nao walimpenda hasa kwa sababu ya Kiswahili chake, ambacho walikirekebisha bila huruma.

Wazazi waliomba aje awaeleze shule ya kule. Jumamosi moja tukakusanyika katika chumba kikubwa, wakubwa kwenye viti vya watoto, magoti yakigusa kidevu. Mpwa wangu alisimama na kueleza vizuri. Baba mmoja aliuliza nani analipa. Alijibu kwamba mtoto analazimika kusoma hadi miaka kumi na minane, na masomo yenyewe ni bure, ingawa wazazi wanatoa kitu kwa chakula na matembezi. Chuo kikuu wanalipia, na asiye na uwezo anaomba msaada wa masomo. Akafika sekondari, akataja zile karatasi tatu.

"Na ukipata B, unarudia mwaka," alisema.

"Hapana, mwanangu." Sauti ilitoka nyuma, na hakuna aliyehitaji kugeuka kujua ni ya nani. "C njo kurudia. B unapanda, lakini wanakufungia milango fulani."

Mpwa wangu alifikiri, mkono mdomoni.

"Ni kweli," alisema. "Nimechanganya."

"Wewe ulipita haraka," jirani alimfariji. "Sisi tulikaa nayo."

Chumba kizima kiliangua kicheko, na mpwa wangu zaidi ya wote. Aliketi kwenye kiti kidogo, akamwita jirani aje mbele amalizie. Jirani akaja. Alieleza chuo kikuu chote, pamoja na mbuzi.

Mwishoni mama mmoja kijana aliuliza kama kule mtu mzima aliyeacha masomo amepotea moja kwa moja.

"Hapana," mpwa wangu alijibu. "Iko masomo ya watu wakubwa, mchana ama jioni, baada ya kazi. Mama yangu alisoma kule miaka tatu. Njo sababu anafanya kazi ya ofisi sasa."

Nilimgeukia. "Mama yako gani?"

"Mama yangu. Mudogo wako."

Kwa miaka yote ile alikuwa amenieleza kila ngazi ya mtoto wake, na ngazi yake mwenyewe akaificha. Nilimpigia simu jioni ileile kumuuliza sababu.

"Yaya, wewe ni mwalimu," alisema. "Niliona haya. Mwanamke wa miaka makumi nne, na kalamu, na mwalimu anaweza kuwa mutoto wangu."

"Ulipata ngapi?"

"Themanini na mbili kwa mia."

"Basi haya ya nini?" nikamwambia, nikasikia akicheka kama tulivyokuwa tukicheka tukilala kitanda kimoja.

Kesho yake jirani alivuka njia mapema, kabla ya watoto kufika. Hakuwa na sauti yake ya kawaida.

"Ile masomo ya watu wakubwa," alisema. "Hapa Kindu, nani anaweza kuifundisha?"

Nilimwambia aje saa tisa, siku mbili kwa wiki. Alikuja na wanawake sita aliowakusanya njiani, mmoja wao mkubwa kuliko mimi. Tulianza pale walipoachia, wengine mwaka wa pili, wengine hawakuanza kabisa. Mpwa wangu aliwafundisha hesabu wiki mbili za mwisho za ziara yake, na siku ya kuondoka kwake wote saba walifika uwanja wa ndege wakiwa na madaftari chini ya kwapa, kwa sababu masomo yalikuwa saa tisa na hawakutaka kuchelewa.

Jirani ni mwanafunzi mgumu. Anabishana na imla. Nikimkata alama kwa neno alilokosea, ananiuliza nani aliamua liandikwe hivyo. Lakini anasoma, kidole chini ya mstari, midomo ikitangulia. Mwisho wa muhula alidai karatasi ya alama kama watoto, yenye mahali pa mzazi kutia sahihi. Nilimwandalia. Kifaransa sita kwa kumi, Kiswahili nane, hesabu nne na nusu. Aliipeleka nyumbani kwa mume wake seremala.

Jioni, kutoka ng'ambo ya njia, nilimsikia mzee yule akikataa kutia sahihi.

"Mimi sikumuzaa. Apeleke kwa mama yake, Kasongo."

Mabishano yalidumu kwa muda wa chungu kimoja cha wali. Asubuhi jirani aliniletea karatasi. Seremala alikuwa ametia sahihi kwa penseli yake nene ya kuchorea mbao, na chini yake, kwa herufi kubwa za mtu anayepima kwanza ndipo akate, aliandika: *Aongeze bidii kwa hesabu.*

"Umeona?" jirani alisema, akiwa na hasira na raha kwa pamoja. "Umeona vile wanaandikia muntu mukubwa?"

Nikampa zoezi la kugawanya, akakaa chini akaanza.